Bosi Mchina alinipa mwanzi wa bahati, sasa shina moja limekuwa manjano

*"Shikamoo mtaalamu. Nafanya kazi ya uhasibu kwenye kampuni ya ujenzi ya Wachina hapa Arusha. Mwaka jana, sikukuu yao ya mwaka mpya, bosi alinipa chombo cha kioo chenye mashina matatu ya ule mwanzi wa bahati, yamefungwa utepe mwekundu. Nimeuweka sebuleni na maji hayakauki. Sasa ncha za majani zimeungua, na shina moja limeanza kuwa manjano kutokea chini. Mwenzangu kazini anasema likifa, bahati yangu inaondoka nalo. Nikilitoa yanabaki mawili, na muuza maua kaniambia mawili ni ya wapenzi, mume wangu atanielewaje? Yeye anauza kwa jozi; nikiongeza jozi yanakuwa manne, na huyo huyo anasema manne ni kifo. Kubwa kuliko yote, mama mkwe amekuja kututembelea kutoka Marangu. Ameuona, akasema nitoe huo ushirikina ndani ya nyumba. Bosi naye anarudi kwao mwezi ujao na nilitaka kumpa mmea kama huo awe na kumbukumbu. Wachina wanaamini nini hasa kuhusu mmea huu, na mimi nifanyeje?"*

Marahaba, dada yangu. Kabla hujasoma mbele, nenda ukalitoe hilo shina la manjano. Lishike, livute taratibu ili mizizi ya wenzake isikatike, uliweke pembeni kwenye gazeti. Usilitupe, tutalihitaji baadaye. Yale mawili yaoshe kwa maji safi, osha na kokoto na chombo chenyewe, kisha urudi tuzungumze. Hayo mengine yote yanaweza kusubiri. Shina linalooza ndani ya maji halisubiri, linawaambukiza wenzake.

Swali lako lina mafundo mawili yaliyosokotana: mmea unaumwa nini, na mmea unamaanisha nini. Mwenzako wa kazini ameyafunga pamoja, kana kwamba ugonjwa ndio maana yenyewe. Tuyafungue moja moja, na nianze na jambo ambalo nadhani hata bosi wako hakukwambia, pengine naye halijui.

Mmea wako si mwanzi.

Chukua kisu kikali, ukate lile shina la manjano katikati. Utakuta limejaa, lina nyama yenye majimaji, na kama limeshaoza litatoa harufu. Mwanzi wa kweli, wa aina nyingi, ukiukata unakuta uwazi ndani, bomba tupu kutoka fundo moja hadi jingine. Mwanzi ni wa ukoo wa nyasi, ndugu yake mhindi na muwa. Huo wako ni wa jamii nyingine kabisa, na jina lake la kisayansi ni *Dracaena sanderiana*. Hilo "sanderiana" ni heshima aliyopewa Sander, mfanyabiashara wa okidi aliyekuwa na vitalu vyake St Albans, Uingereza, mwishoni mwa karne ya 19. Na asili ya mmea ni Kameruni na misitu ya jirani zake, hapa hapa Afrika.

Yaani zawadi uliyopewa kutoka Uchina ni Mwafrika aliyekwenda ughaibuni. Ulifika kusini mwa Uchina, hali ya hewa ya joto na unyevu ikaukubali, na leo Zhanjiang, mji wa pwani katika jimbo la Guangdong, unaukuza kwa mashamba na kuusafirisha dunia nzima. Huko ndiko unakosukwa na kupindwa. Yale mashina yanayojikunja kama springi hayakuzaliwa hivyo: mkulima huyalaza, akaziba mwanga pande zote isipokuwa mmoja, ncha ikaufuata mwanga, akageuza tena kidogo, na tena. Kazi ya mwaka na zaidi.

Sasa turudi kwa mama mkwe, maana yeye ana hoja kuliko anavyojua. Muulize, kwa adabu zako zote, kihamba chao Marangu, yaani shamba la ukoo, kimepakana na cha jirani kwa kitu gani. Jibu nalijua: masale. Na masale ni *Dracaena* pia, ndugu wa damu wa huo mmea wa sebuleni. Yeye amekua akijua kwamba isale si jani tu. Linaweka mpaka ambao mtu mwenye akili zake hausogezi. Linapandwa makaburini. Na mtu aliyekukosea akija kwako na isale mkononi kuomba msamaha, kumkatalia ni jambo zito. Je, nguvu hiyo imo ndani ya jani? Ng'ombe hula majani ya kila aina na hasamehewi wala hasamehi. Nguvu imo katika mapatano ya watu wa Kilimanjaro, kwamba jani hili likishikwa hivi lina maana hii. Mpe mama chai, mwoneshe majani ya mmea wako yanavyolikumbatia shina kama ya isale, halafu mwache mwenyewe alinganishe. Sikuahidi kwamba atabadili msimamo. Ila mazungumzo yatakuwa mengine.

Wachina nao wana mapatano yao, na mengi yamejengwa juu ya kitu kimoja ambacho sisi tunaozungumza Kiswahili tunakisahau: sauti ya neno. Lugha yao ina silabi chache, kwa hiyo maneno mengi yanafanana, yanatofautishwa kwa toni tu, sauti ikipanda au ikishuka. Sisi hatuna toni, ila tuna kionjo chake: *barabara* ya kupita magari, na *barabara* ya "sawasawa kabisa", herufi zile zile, mkazo umehama. Fikiria lugha ambayo nusu ya maneno yako hivyo. Hapo jina la kitu linakuwa limebeba kivuli cha kitu kingine kila linapotamkwa.

Nilisomea kilimo cha bustani Guangzhou, na somo langu kubwa kuhusu mimea ya Wachina sikulipata darasani. Nililipata kwenye masoko ya maua yanayofunguliwa siku chache kabla ya mwaka wao mpya, ambao huangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari. Barabara nzima inafungwa. Watu wanapita wamebeba begani matawi ya mpichi yenye maua, marefu kuliko wao. Baba anasukuma baiskeli iliyopakia mti mzima wa vichungwa vidogo vya dhahabu ndani ya chungu, watoto wanashika matawi yasiburute. Nikamuuliza mama mmoja muuzaji mbona hauzi milimau, nayo inazaa vitu vya njano. Akaniangalia kama mtu aliyeuliza mbona harusini hakuchezwi muziki wa msiba. Kile kichungwa kwa Kikantoni kinaitwa *gat*, na heri pia ni *gat*. Limau halina bahati hiyo ya jina. Basi. Hakuna siri nyingine. Watu hao hao hawapendi kusema nyumba ya kupanga iko "tupu", kwa sababu neno hilo linatamkwa sawa na neno la balaa, kwa hiyo kwenye matangazo wanaiita "nyumba ya heri". Sikucheka. Bibi yangu hakuruhusu neno sindano litamkwe usiku nyumbani kwake, na alikuwa mtu wa swala tano.

Mmea wako kwa Kichina unaitwa *fugui zhu*. *Fu* ni utajiri, *gui* ni heshima ya cheo, *zhu* ni mwanzi. Mwanzi wa mali na heshima. Bosi alipokukabidhi, alichokupa hasa ni hayo maneno, akayatia ndani ya glasi ya maji ili yakae mezani kwako. Ni kama sisi tunavyompa mtu kanga: kitambaa kinavaliwa, lakini ujumbe uko kwenye maandishi. Kanga ikichanika, salamu iliyokuja nayo haifutiki. Shina likioza, vivyo hivyo.

Ila swali lako lilikuwa Wachina wanaamini nini, na hapo inabidi tuuache kidogo huu mmea wa kuazima jina, tuende kwa mwenye jina. Maana heshima yote ambayo *fugui zhu* anaitembelea ni ya mwanzi halisi, na huyo ana historia ya maelfu ya miaka.

Mwanzi kwa Wachina ni picha ya mtu muungwana. Sababu wanazisoma kwenye mwili wake. Ndani yake ni mtupu, na "moyo mtupu" kwa Kichina ndiyo namna ya kusema unyenyekevu, moyo wenye nafasi ya kujifunza. Una mafundo, na neno la fundo, *jie*, ndilo hilo hilo la msimamo wa mtu asiyeuza utu wake. Unainama upepo ukivuma na hauvunjiki. Theluji ikianguka wenyewe unabaki kijani, ndiyo maana umewekwa pamoja na msonobari na mplamu katika kundi waitalo marafiki watatu wa majira ya baridi. (Hapa ndipo ninapomtania *fugui zhu*: ana mafundo, anabaki kijani, lakini moyo umejaa. Unyenyekevu hana.)

Mapenzi hayo yalifika mbali. Katika karne ya 4 alikuwapo Wang Huizhi, mtoto wa yule bingwa wa kuandika kwa brashi, Wang Xizhi. Aliazima nyumba akae kwa muda tu, na kitu cha kwanza akaagiza mianzi ipandwe. Watu wakashangaa, nyumba si yako, ya nini yote hayo? Akaunyoshea mwanzi kidole akasema hawezi kuishi hata siku moja bila bwana huyu. Tangu hapo "bwana huyu" likawa jina la utani la mwanzi katika maandishi. Miaka 700 baadaye Su Shi, mshairi na ofisa wa serikali, akaandika kwamba afadhali akose nyama mezani kuliko kukosa mwanzi nyumbani: bila nyama mtu hukonda, bila mwanzi mtu huwa mshamba, na aliyekonda hunenepa, mshamba hana dawa. Rafiki yake Wen Tong alikuwa mchoraji wa mianzi, na Su Shi alieleza kwamba lazima mchoraji awe na mwanzi mzima kifuani kabla hajagusa karatasi. Leo hii Mchina wa kawaida, hata fundi mitambo wa kampuni yenu, akitaka kusema fulani amejipanga vizuri kabla ya kuanza kazi, atasema ana mwanzi kifuani. Mjaribu bosi wako kwa msemo huo siku ya kufunga hesabu uone atakavyofurahi.

Upande wa simulizi za watu, ipo ya machozi. Mfalme Shun wa kale alifia safarini kusini. Wake zake wawili, mtu na dada yake, wakalia kandokando ya mto Xiang hadi machozi yakarukia mianzi na kuacha madoa yasiyofutika. Mianzi yenye madoa ya kahawia ipo kweli, kwenye kisiwa cha Junshan katika ziwa Dongting wanakuonesha. Sisi wa mimea tunajua kuna kuvu inayochora madoa ya namna hiyo. Na ipo ya Meng Zong, ambaye mama yake mgonjwa alitamani supu ya machipukizi ya mwanzi katikati ya baridi kali, wakati ambao hayaoti. Kijana akaenda msituni, akaukumbatia mwanzi, akalia, na ardhi ikapasuka machipukizi yakatoka. Ni moja ya visa 24 vya utiifu kwa wazazi ambavyo watoto wa Kichina wamefundishwa kwa karne nyingi. Huyo, nadhani, mama mkwe atampenda.

Kuna na kelele. Tupa kipande kibichi cha mwanzi motoni: hewa iliyofungiwa kati ya fundo na fundo inapata joto, inatanuka, inakosa pa kutokea, inapasuka kwa mlio wa bunduki. Maandishi ya karne ya 6 yanaeleza watu wakifanya hivyo alfajiri ya mwaka mpya mbele ya nyumba kufukuza mizimu ya milimani. Baruti ilikuja baadaye, lakini mpaka leo fataki zinaitwa *baozhu*, mwanzi unaolipuka.

Na kisa kinachokuhusu wewe moja kwa moja ni hiki. Enzi za nasaba ya Tang, ukoo wa kifalme uliotawala Uchina karne ya 7 hadi ya 10, hekalu moja la Kibuddha kaskazini, huko Taiyuan ambako mianzi haistawi kirahisi, lilikuwa na kichaka kimoja tu. Inasimuliwa kwamba mtawa msimamizi alitoa taarifa kila siku: mwanzi uko salama. Kutoka hapo ukazaliwa msemo "mwanzi unaleta habari za amani", ambao huandikwa kwenye barua na picha za kutakiana heri. Angalia lakini mambo yalivyokaa. Watawa hawakungoja mwanzi uwape amani. Wao ndio waliouangalia kila siku, wakapeleka habari zake.

Nisikufiche, si kila imani kuhusu mwanzi ni ya heri. Mianzi ya aina nyingi huishi miongo mingi bila kuchanua, halafu yote ya aina moja huchanua kwa pamoja, inazaa mbegu na kufa. Aina moja huchukua miaka kama 120. Wakulima wa zamani waliogopa maua hayo, waliyaona ni dalili ya mwaka mbaya, na si kwa ujinga: msitu mzima unakufa mbele ya macho yako. Miaka ya 1970 na 1980 uchanuaji wa namna hiyo katika milima ya Sichuan uliwaacha panda na njaa. Wako hauwezi kukufanyia hivyo.

Tuje kwenye hesabu za muuza maua. Amekwambia kitu cha kweli na kitu cha dukani, akavichanganya. Cha kweli ni nne. Nne ni *si* na kifo ni *si*, toni tofauti, na Wachina wengi hawaipendi namba hiyo kwenye namba ya simu, ya gari, hata ghorofa. Nane nayo inakaribiana na neno la kupata mali, ndiyo maana Olimpiki ya Beijing ilifunguliwa tarehe 8, mwezi wa 8, mwaka 2008, saa 8 ya usiku kwa hesabu yao. Kwa hesabu yetu ya saa hiyo ni saa mbili usiku, na wala hatudhuriki. Tatu, uliyopewa wewe, inasimama kwa wale watatu wanaochorwa pamoja kama wazee wa heri: baraka, cheo na umri mrefu.

Cha dukani ni ile orodha ndefu: mawili mapenzi, matano hiki, saba kile, 21 kingine. Hayo ni maelezo ya kuuzia bidhaa, yamekuja na biashara ya huu mmea. Mianzi ya washairi niliokutajia hakuna aliyeihesabu mashina. Hata nne haiwi mbaya kila mahali. Mwanzi wenyewe, pamoja na mplamu, okidi na krisantemu, wanaitwa waungwana wanne, na hutundikwa ukutani wote wanne bila hofu. Na mawili si lazima yawe ya wapenzi, kwa kuwa Wachina husema mambo mema huja kwa jozi. Ukitaka kumtuliza mume, mwambie hivyo, naye si mtoto.

Sasa neno zito, ushirikina. Wapo Wachina wanaofuata fengshui kwa dhati, elimu ya kupanga makazi kulingana na upepo na maji, na hao watakwambia shina ni mti, kokoto ni udongo, utepe mwekundu ni moto, na kwamba chombo kikae kona fulani. Wapo ambao wanaliona ni pambo zuri la bei nafuu, kama wewe unavyotundika kalenda ya benki. Wengi wako katikati: hawaamini sana, ila hawataki kukosea. Bosi wako yuko wapi kati ya hao, mwenye kukujibu ni yeye, na swali hilo si la kukera. Muulize, "Ulikuwa unanitakia nini uliponipa ule mmea?" Uzoefu wangu ni kwamba mtu hufurahi. Hakuna kinachofanyiwa mmea shambani Zhanjiang zaidi ya kukatwa, kupindwa, kutiwa mizizi na kufungwa. Kama hata hivyo moyo wako au wa mama hautulii kwa sababu za dini, hilo si la bwana shamba. Kaa na padri, mchungaji au shehe unayemwamini. Na ikibidi utoke sebuleni kwa ajili ya amani ya nyumba, utoke tu. Unaishi vizuri sana barazani kivulini.

Baki sasa na ugonjwa, na hapa una magonjwa mawili, si moja.

Ncha zilizoungua ni maji ya Arusha. Unajua meno yenye rangi ya kahawia ya watu waliokulia Maji ya Chai na kwingine kuzunguka Mlima Meru: ni floraidi, inayotoka kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya huko vinapita hapo. Jamii ya *Dracaena* haiipendi kabisa. Floraidi inapanda na maji hadi ncha ya jani, maji yanakuwa mvuke na kuondoka, yenyewe inabaki, kama gamba jeupe linavyobaki ndani ya birika. Ikilundikana, seli za ncha zinafa. Kuna watu watakushauri uyaache maji usiku kucha kwenye ndoo. Hiyo inapunguza klorini, floraidi haiendi popote. Kuchemsha ndiyo kabisa, unapunguza maji na floraidi inabaki ile ile. Tumia maji ya mvua, au yaliyopita kwenye chujio la mkaa wa mifupa kama mnalo. Ncha zilizokauka zikate kwa mkasi kufuata umbo la jani. Hazitarudi kijani, ila majani mapya yatatoka safi.

Manjano inayoanzia chini ya shina ni kuoza. Umesema maji hayakauki. Ndiyo, dada, na nadhani hayabadilishwi pia, unaongezea tu. Mizizi inahitaji hewa iliyoyeyuka ndani ya maji. Yakikaa wiki tatu sebuleni penye joto hewa inaisha, bakteria na kuvu wanashamiri, wanaingilia jeraha lolote kwenye shina. Badilisha maji yote kila wiki, yafunike mizizi tu, kina cha vidole vitatu kinatosha. Legeza utepe, usibane. Mwanga uwe wa kutosha kusomea gazeti, jua la moja kwa moja hapana.

Kubadilisha maji kuna faida nyingine. Mbu wa *Aedes*, wanaoeneza dengi, hutaga kwenye vyombo vidogo kama hivyo, mayai yakagandama ukutani mwa chombo juu kidogo ya maji. Mwaka 2001 aina moja ya mbu hao iligunduliwa California ikiwa imeingia na shehena za mmea huu huu kutoka Uchina. Dar es Salaam iliyopigwa na dengi 2014 na 2019 haihitaji kuelezwa. Kwa hiyo usimwage tu, sugua chombo kwa ndani.

Chukua sasa lile shina ulilolaza kwenye gazeti. Kama juu bado ni gumu na la kijani, kata kwa wembe uliooshwa kwa spiriti, vidole vitatu juu ya mahali manjano inapoishia, uhakikishe kipande kinabaki na fundo moja au mawili. Kisimamishe kwenye bilauri ya peke yake. Ndani ya wiki kadhaa utaona vinundu vyeupe, halafu mizizi ya rangi ya chungwa. Kikishaota kirudishe kwa wenzake, kifupi kuliko wao, na watakuwa watatu tena bila kwenda kwa muuza maua. Kama limelegea lote, lifukie. Na ukichoka na mambo ya maji kabisa, hamishia mashina kwenye chungu chenye udongo unaopitisha maji. Huko ndiko yanakodumu zaidi.

Kuna watoto wadogo au paka nyumbani? Majani yana kemikali iitwayo saponini. Paka au mbwa akiyatafuna hutapika na kutokwa mate, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Mtoto akitafuna, msafishe kinywa, mpe maji, na kutapika kukiendelea nenda hospitali. Kokoto zinanitisha zaidi kuliko majani, zinakaba. Na yale mawili yakianza nayo kulegea hata baada ya kubadilisha maji, chukua kipande mfukoni uende Ngaramtoni, kwenye ofisi za Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Umekaa nao mji mmoja.

Mamlaka hiyo hiyo ndiyo inayoniletea jibu la zawadi ya bosi: usimpe mmea. Kuusafirisha mmea hai nje ya nchi kunataka cheti cha usafi wa mimea, na upande wa Uchina wana masharti yao. Utamwachia mzigo wa kunyang'anywa uwanja wa ndege. Usimpe saa ya ukutani pia, maana "kutoa saa" kwa Kichina kunatamkwa sawa na kumsindikiza mtu kufa.

Mpe doti ya kanga. Ni jozi, kama wanavyopenda mambo mema. Chagua yenye nyekundu nyingi, ukwepe nyeupe na nyeusi. Ina maneno, na yeye ni mtu wa taifa linalopeana maneno. Yaandike kwenye karatasi na maana yake, kwa sababu atakuuliza, na wewe uyasome vizuri dukani kabla ya kulipa. Kanga nyingi nzuri kwa rangi zimeandikwa kumsuta mke mwenza.